Bu Ngatirah Aliyeyahoji Maziwa ya Mbuzi

Ndugu waombolezaji, majirani zetu wa Watukendil, na ninyi nyote mliopanda mlima huu tangu alfajiri, wengine kwa pikipiki, wengine kwa miguu, huku njia ikiteleza kwa mvua ya jana, familia inawashukuru kwa kuja, na kabla hatujamtoa marehemu kwenda kuswaliwa na kulazwa kando ya mumewe, inaomba mtulie kidogo, msikie alikotoka, aliyoyafanya na jinsi alivyotutoka, kama yalivyoandikwa na wanawe watatu na kusomwa kwa niaba yao na mpwa wake, Gunarso.

Marehemu Ngatirah binti Kartosemito, ambaye wengi tulimwita Bu, yaani Mama, alizaliwa siku ya Jumanne Wage ya kalenda ya Kijawa, tarehe 14 Agosti 1951, hapa hapa Watukendil, wilaya ya Kaligesing, akiwa mtoto wa pili kati ya watoto watano wa Mzee Kartosemito, mgema wa minazi aliyejulikana kwa sukari yake nyeusi isiyochanganywa na kitu, na Bi Samiyem, aliyeipika sukari hiyo. Mama yake alipenda kusimulia kwamba binti huyu, akiwa na miaka mitano hivi, alisimama mbele ya banda la mbuzi, mdogo wake akilia mgongoni, akauliza, "Mama, mbona mtoto wa mbuzi ameshiba na huyu wetu bado analia?" naye Bi Samiyem, aliyekuwa amechoka na moshi wa jikoni, akamjibu, "Kwa sababu mbuzi haulizi maswali, ananyonyesha tu," jibu ambalo halikumridhisha, kama ambavyo majibu mengi hayakumridhisha baadaye.

Alianza shule ya msingi mwaka 1958, akaimaliza mwaka 1964, na Januari 1965 akapokelewa sekondari ya chini mjini Purworejo, akakaa kwa shangazi yake na kurudi nyumbani kila Jumamosi. Tarehe 3 Juni 1966 baba yake alianguka kutoka juu ya mnazi, akavunjika nyonga, hakupanda tena mti maishani mwake, na marehemu, akiwa kidato cha pili, akaacha masomo ili asaidie nyumbani. Kitu pekee ambacho hakukirudisha shuleni ni kitabu cha sayansi, na mwalimu wake alipotuma ujumbe kukidai, marehemu alitembea hadi mjini, si kukirudisha, bali kuomba akae nacho mwezi mmoja zaidi, kwa kuwa alikuwa hajafika sura ya chakula na mwili. Mwalimu akamtazama miguu yenye matope, akamwambia, "Kaa nacho, Ngatirah. Hao waliobaki darasani hawajakifungua."

Tarehe 22 Aprili 1971 alifunga ndoa na Pak Wiryadi, mchuuzi wa mbuzi ambaye hakuna mnada wa Jumamosi uliompita, mpenzi mkubwa wa mbuzi wa mashindano, wale wenye kichwa cheusi kilichopinda kama cha kasuku na masikio yanayoning'inia kupita kidevu. Mungu akawajalia watoto watatu, Lestariningsih aliyezaliwa mwaka 1973, Triwahyono wa mwaka 1976, na Endah Palupi wa mwaka 1981, na wajukuu saba, ambao wote wako hapa isipokuwa mmoja aliye baharini kikazi.

Wakubwa mliopo mnakumbuka kwamba siku zile mbuzi wa milima hii alifugwa kwa samadi, kwa kuuzwa na kwa kuonyeshwa watu, maziwa yakaachiwa watoto wake, na mtu aliyeyanywa alichekwa kama aliyemdhulumu mwanambuzi. Basi mwezi wa Februari 1979 jike mmoja wa Pak Wiryadi alifiwa na watoto wawili kwa mpigo, kiwele kikamvimba, marehemu akamkamua ili apate nafuu, na badala ya kumwaga akayachemsha na tangawizi, akanywa kikombe kizima. Mumewe alimkuta na ndevu nyeupe mdomoni.

"Umekunywa maziwa ya mbuzi wangu wa mashindano?"

"Nimekunywa."

"Haya, yakoje?"

"Mazito, matamu, ila yananukia mbuzi kidogo. Nataka kujua kwa nini yananukia."

"Yananukia mbuzi, mke wangu, kwa sababu yametoka kwa mbuzi."

Hilo nalo halikumtosha, akamhamishia beberu upande wa pili wa ua, mbali na majike, kwa wiki mbili, akakamua, akanusa, akawanusisha majirani watatu wakiwa wamefumba macho, akagundua kwamba harufu imepungua sana, huku Pak Wiryadi akilalamika kwamba watu wataanza kusema amempa beberu talaka. Tangu hapo nyumba ile ilikunywa maziwa, na taratibu nyumba za jirani nazo zikaanza, na mwaka 1989 kaya ishirini na tatu zikaunda kikundi cha wakamuaji, Pak Wiryadi akiwa mwenyekiti na marehemu katibu.

Kabla ya hapo, tarehe 10 Machi 1986, alikuwa ameteuliwa kuwa mhudumu wa kujitolea katika upimaji wa watoto wa kila mwezi, kazi aliyoifanya kwa miaka thelathini na minne kwenye kibaraza hiki mlichokalia, akiwaning'iniza watoto wenu kwenye mizani ya kitambaa iliyofungwa kwenye boriti ile pale, akichora mstari wa uzito kwenye kadi, na kuwaambia akina mama ukweli hata pale walipotaka kusifiwa tu. Wengi wenu mlining'inizwa na mikono yake, na baadhi yenu, familia haitawataja, mlimkojolea.

Familia ilijadiliana kama yanayofuata yasomwe leo, ikakubaliana yasomwe, kwa kuwa marehemu mwenyewe hakuyaficha. Mwezi wa Mei 1994 jirani yetu Bi Tukinem alifiwa na mke wa mwanawe, siku ya sita baada ya mkwe huyo kujifungua, akabaki na mtoto mchanga wa kike aliyeitwa Mursiti, baba wa mtoto akiwa kazini Sumatra, na hapakuwa na mwanamke wa kumnyonyesha, na maziwa ya kopo yalikuwa hayashikiki kwa bei. Bi Tukinem akaja kulia kwenye kibaraza hiki, na marehemu, ambaye kwa miaka kumi na mitano alikuwa ameona maziwa ya mbuzi yakiwanenepesha watoto wake na wa wenzake, akamwambia, "Usilie, dada. Nitakukamulia mimi mwenyewe, asubuhi na jioni, mpaka mtoto aote meno." Akakamua kama alivyoahidi, akayachemsha, akayapunguza kwa maji, na kila mwezi mtoto alipowekwa kwenye mizani mstari ulipanda, mikono ikatokeza mikunjo kama andazi, marehemu akawaita akina mama wengine waje waone.

Mwezi wa Desemba mtoto alianza kupauka. Kwanza walidhani ni weupe wa kurithi, baadaye viganja vikawa kama karatasi, ulimi ukawa mwekundu unaoteleza, mtoto akaacha kushika chupa, na tarehe 19 Desemba 1994 akapoteza fahamu mikononi mwa bibi yake. Marehemu alimfunga kifuani, akashuka naye mjini nyuma ya pikipiki ya Pak Wiryadi, na hospitalini wakapokewa na daktari kijana, Dk. Hanifah, ambaye baada ya kuagiza damu aliwageukia.

"Huyu mtoto anakula nini?"

"Maziwa ya mbuzi, daktari," marehemu akajibu. "Mazuri. Nayakamua mwenyewe."

"Na nini kingine?"

"Maziwa tu. Uzito wake uko juu ya mstari, kadi hii hapa."

Daktari alitazama kadi, hakumgombeza, akamweleza kwamba maziwa ya mbuzi yana mafuta mengi, yana protini nzuri, yana chokaa ya mifupa, lakini kuna vitamini moja ya kutengeneza damu, iitwayo folati, ambayo karibu haimo kabisa, na kwamba mtoto mchanga asiyepata kitu kingine anaweza kunenepa huku damu yake ikiisha, na ndiyo maana mtoto wa chini ya mwaka hafai kulelewa kwa maziwa hayo. Marehemu akauliza swali ambalo Dk. Hanifah, aliye hapa leo akiwa mstaafu, anasema hajalisahau, "Kwa hiyo mizani yangu haikudanganya, mimi ndiye niliyeuliza mizani swali lisilo lake?"

Mursiti aliongezewa damu, akapewa vidonge vidogo vya njano vya folati, na siku ya nne akapiga kelele wodi nzima ikageuka. Leo ni fundi pikipiki mjini, ana watoto wawili, yupo pale karibu na mlango, na kwa taarifa yenu hapendi maziwa ya aina yoyote.

Marehemu alimwomba radhi Bi Tukinem mbele ya watu, naye Bi Tukinem akamjibu, "Ulinikamulia miezi saba bila kukosa hata siku moja, mimi nikukasirikie vipi?" lakini yeye mwenyewe hakujisamehe haraka, na badala ya kulia alianza kuuliza. Tarehe 7 Februari 1995 alifunga chupa kumi na moja za maziwa ndani ya ndoo ya barafu, kila moja na jina la mbuzi, siku yake ya kuzaa na majani aliyokula, akapanda basi hadi Yogyakarta, akaenda mlango kwa mlango katika chuo kikuu kimoja mpaka akapata mtaalamu wa maabara aliyekubali kuyapima, pengine kwa kumwonea huruma kwa sababu barafu ilikuwa imeshayeyuka kwenye sketi yake. Majibu yalipokuja alikuta kwamba maziwa yetu ni mazito kwa mafuta kuliko ya ng'ombe wa mjini, kwamba ya mwanzo wa kukamua hayafanani na ya mwisho, kwamba mbuzi aliyelishwa majani mabichi ya mikunde alikuwa na maziwa bora kuliko aliyelishwa mabua, na kwamba folati katika chupa zote kumi na moja ilikuwa kidogo mno. Alibandika karatasi ya majibu jikoni, ikakaa pale mpaka moshi ukaila.

Kutokana na karatasi ile ndipo alipoanza kufundisha anachokumbukwa nacho, kwamba mtoto mchanga anyonye titi peke yake miezi sita, asiye na mama atafutiwe maziwa ya kopo ya watoto na wote tuchange, na aliyepita mwaka mmoja ndiye apewe kikombe cha maziwa ya mbuzi yaliyochemshwa, tena pamoja na mchicha, majani ya mlonge, choroko na yai, kwa kuwa, kama alivyozoea kusema akipunga mwiko, maziwa ni mgeni mwema, ila asiachiwe nyumba peke yake.

Mwaka 1997 alikuja mfanyabiashara mmoja kutoka mbali, jina lake familia haioni haja ya kulitaja, akitaka kununua maziwa yote ya kikundi, kuyakausha yawe unga na kuyauza kwenye pakiti zilizochorwa mtoto mchanga, na maneno makubwa chini yake, "Tangu siku ya kwanza." Mkutano ulifanyika Jumapili tarehe 12 Oktoba 1997, wanachama wote wakiwa tayari kutia sahihi, kalamu ikiwa mkononi mwa mwenyekiti, mumewe, na marehemu akainuka.

"Mnunuzi, ukifuta picha ya mtoto mchanga na maneno yale, natia sahihi ya kwanza."

"Bu, picha ndiyo inayouza," mfanyabiashara akacheka. "Mtoto wa watu akinenepa, nani atalalamika?"

"Nilikuwa na mmoja aliyenenepa. Nusura nimzike."

Mwanachama mmoja akapiga kelele kutoka nyuma, "Ngatirah, yule mtoto si alipona? Unatuharibia wote kwa kosa lako mwenyewe!" naye akajibu, "Ndiyo, kosa ni langu, kwa hiyo nalijua vizuri kuliko wewe," akakaa. Katibu asipotia sahihi mkataba haukuwa halali, mnunuzi akaondoka na lori lake, na kwa Idi mbili mfululizo ni watu wachache sana waliokuja nyumba hii kuombana radhi kama ilivyo desturi yetu, vyakula vikabaki kwenye sinia, mambo ambayo baadhi yenu mliopo mnayajua kutoka upande wa pili, na marehemu aliagiza isemwe leo kwamba hana kinyongo.

Lililomuumiza zaidi ni kwamba Pak Wiryadi hakumsemesha kwa siku tisa. Siku ya kumi, akiwa anamchana mbuzi wake wa mashindano, akauliza bila kugeuka, "Hiyo folati yako, inaonekana kwa macho?"

"Haionekani."

"Basi umetukosesha mnunuzi kwa kitu kisichoonekana."

"Mursiti alionekana," marehemu akasema.

Pak Wiryadi akaendelea kuchana, kisha akasema, "Kweli. Nilimwona," na hawakulizungumza tena jambo hilo, bali wiki iliyofuata alionekana akipanda mlonge kuzunguka banda lote, na alipoulizwa alijibu kwamba ni kwa ajili ya kivuli. Alifariki tarehe 30 Julai 2008, na marehemu alimlilia sana.

Kuanzia mwaka 1998 marehemu aliandika kwenye madaftari urefu na uzito wa watoto wa Watukendil, nani anakunywa maziwa na nani hanywi, nani kala nini, mpaka madaftari yakafika tisa, na mwaka 2006 mwanafunzi mmoja wa chuo, binti aitwaye Anindya, akaja kuyasoma, akakaa hapa miezi minne. Siku ya kuondoka alisema kwa furaha, akimwita bibi kwa Kijawa, "Mbah, hesabu zinaonyesha watoto waliokunywa maziwa wamewazidi wenzao urefu!" na marehemu, pale ambapo mtu mwingine angefurahi, akavaa miwani, akapitisha kidole kwenye orodha, akauliza, "Hizi nyumba zenye mbuzi wa maziwa, mwanangu, ndizo pia zenye kuku wengi. Umejuaje kama si mayai?" Anindya akarudi akakaa miezi mitatu mingine, wakahesabu kuku wa kijiji kizima, jambo lililowakera majirani kwa kuwa kuku hawasimami, na mwisho wakaandika kwamba maziwa yanaonekana kusaidia, kiasi fulani, yakiwa pamoja na vingine, na kwamba kiasi gani hasa bado hakijulikani. Neno hilo "bado" marehemu alilipigia mstari kwa kalamu nyekundu.

Kuhusu ugonjwa wake, mwezi wa Septemba 2020 alianza kuvimba miguu, vipimo vikaonyesha kwamba figo zimechoka, na kuanzia tarehe 15 Juni 2021 alikuwa akisafishwa damu mjini Purworejo mara mbili kwa wiki, akisindikizwa kwa zamu na wanawe na, mara nyingi kuliko wote, na Mursiti. Alipoambiwa apunguze maziwa hakusikitika, alitaka kujua ni madini gani yaliyomo ambayo figo zake haziyawezi, ni mengi kiasi gani katika kikombe kimoja, na kama ya jioni ni nafuu kuliko ya asubuhi, mpaka muuguzi mmoja akamwambia, "Mbah, wewe ndiye mgonjwa au mkaguzi?" akajibu, "Vyote viwili, mwanangu, endelea."

Wiki iliyopita alikataa kurudishwa hospitalini, akaomba kitanda chake kiwekwe mahali anapoweza kusikia mbuzi, na jana Alhamisi, tarehe 9 Machi 2023, saa kumi na dakika ishirini jioni, akiwa na watoto wake wote watatu, alivuta pumzi ya mwisho kwa utulivu, akiwa na umri wa miaka sabini na mmoja, miezi sita na siku ishirini na tatu. Sote ni wa Mwenyezi Mungu, na kwake tutarejea.

Familia inatoa shukrani kwa Dk. Hanifah, kwa madaktari na wauguzi wa kitengo cha figo waliomvumilia na maswali yake, kwa mkunga wa kijiji, kwa wahudumu wenzake wa upimaji, kwa wanachama wa kikundi cha wakamuaji, waliokuwa naye na waliompinga, kwa majirani waliochimba kaburi tangu usiku wa manane katika mvua, na kwa akina mama waliopika.

Kuna tangazo moja, nalo ni la marehemu mwenyewe. Jumatatu iliyopita wahudumu wenzake walikuja kumjulia hali, wakamwambia kwa upole kwamba upimaji wa watoto wa mwezi huu, ambao ni kesho Jumamosi, wangeuahirisha kwa heshima yake. Alifumbua macho akawauliza, "Na watoto nao wataahirisha kukua?" Kwa hiyo kesho saa mbili asubuhi, kwenye kibaraza hiki hiki, viti vikiwa vimeondolewa, mizani itafungwa, na wenye watoto wa chini ya miaka mitano mnaombwa mje nao, mje na kadi, na mkiulizwa mtoto kala nini, mseme yote.

Mola akupokee, mama yetu, akujibu yale tuliyoshindwa kukujibu sisi, nawe sasa utulie, upumzike.